Restora za wamama pembeni mwa mji wa Beni: acheni kuzifukuza, zipeni maji na mlipe sahani zenu

 Leo tuongee juu ya sahani ya bugali.

Hapa Beni kuna neno linalorudi kila mara watu wanapotafuta pa kula saa sita: “Huku pembeni hakuna restora nzuri, twende mjini.” Linasemwa na wafanyakazi wa ofisi, na wageni wanaokuja kwa kazi ya mashirika, na hata sisi watu wa redio. Tena linasemwa na kijana aliyezaliwa Boikene, ambaye mama yake mwenyewe amemlipia masomo kwa kuuza maharagi na mchele kando ya njia.

Neno hilo ni uongo, na uongo huo una watu unaowaumiza. Mkuu wa mji akiamini kwamba pembeni hakuna restora, ataona tu uchafu wa kuondoa. Shirika likiamini hivyo, litanunua chakula cha semina katikati ya mji hata kama semina inahusu wakimbizi wa Paida. Na mteja akiamini hivyo, atamwona mama restora kama mtu wa kumsaidia siku ambayo hana pesa, na siku ana pesa anapeleka mjini.

Mimi nasema restora nzuri ziko. Kinachozimaliza ni vitu vitatu: maji kukosekana, kodi isiyokuwa na karatasi, na madeni ya wateja. Nitaeleza kimoja kimoja. Lakini kwanza tukubaliane restora nzuri ni ipi, maana watu wengi hatujui kuitambua.

KUTAMBUA RESTORA NZURI

Wengi wanaangalia viti vya plastiki, rangi ya ukuta, jenereta na friji ya vinywaji. Vitu hivyo vyote havikuambii chakula kimepikwa saa ngapi. Mimi nakuomba uangalie mambo mengine.

Angalia moto kabla ya kuangalia chungu. Kama makala bado yanawaka chini ya sufuria ya maharagi na mvuke unatoka, kaa. Kama chakula kimepikwa asubuhi, kimefunikwa, moto umezimika na saa ni nane ya mchana, simama uende. Chakula kilichopoa katika joto letu hili kinazalisha vijidudu, hata kama kilipikwa vizuri na hata kama harufu bado ni nzuri.

Angalia unanawa wapi. Ndoo yenye robine na kipande cha sabuni ni dalili nzuri. Bakuli moja la maji ambamo watu ishirini wamepitisha mikono mmoja baada ya mwingine ni dalili mbaya, kwa sababu mtu wa ishirini na moja hanawi, anachukua uchafu wa wenzake. Sisi bugali tunakula na mkono. Mkono ndio kijiko chetu.

Angalia maji ya kunywa. Yako ndani ya bidoni lililofungwa na yanamiminwa kwenye kikombe, ao kuna ndoo wazi ambamo kila mtu anazamisha kikombe pamoja na vidole vyake? Uliza kama yamechemshwa. Mama anayejua kazi yake hakasiriki akiulizwa, anakuonyesha.

Angalia wingi wa vyakula. Restora ya pembeni yenye aina mbili ao tatu mara nyingi ni salama kuliko ile inayokutajia aina kumi na ndani hakuna mteja. Aina kumi bila wateja ni chakula kinachongoja. Sufuria moja ya sombe inayokwisha saa saba ni sufuria isiyolala.

Tukitaja sombe, iangalie pia. Majani ya muhogo mabichi yana sumu. Yanataka kutwangwa vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu. Mama anayeharakisha sombe kwa sababu makala ni ghali anakudanganya tumboni. Sombe nzuri ni laini, mafuta ya mawese yameingia ndani, na mchanga hausikiki kwenye meno.

Angalia nani anakula. Ukiona pikipiki za wamotari zimepangwa nje, wajenzi wenye simenti kwenye viatu, na mwalimu mmoja ao wawili, ujue ni nyumba ya watu wanaorudi kila siku. Wamotari wanazunguka mji mzima, wanajua ladha na wanajua bei. Lakini usiishie hapo. Nyumba inaweza kujaa kwa sababu inakopesha. Wingi wa watu uungane na moto, sabuni na maji.

Mwisho, uliza bei kabla ya kukaa. Restora ya haki inakuambia: bugali na maharagi ni kiasi hiki, ukiongeza ndakala ni kiasi hiki, ukitaka samaki ya Kyavinyonge ni kiasi hiki. Ile inayongoja umalize ndipo ikuangalie viatu na kutaja bei, iache.

Ukitembea na kipimo hicho, utakuta mitaani mwetu nyumba nyingi za mbao na bati zinazokishinda, na utakuta nyumba za ukuta mzuri zinazoshindwa. Mimi nakula kazini karibu kila siku, na nakula pembeni. Maharagi yenye kitunguu na seleri, yaliyokaa motoni tangu saa kumi na moja ya asubuhi, sijayapata kwenye meza yenye kitambaa.

ANAYEPIKA NI NANI

Sasa tuangalie nyuma ya sufuria. Tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014 katika eneo la Beni, familia nyingi zimekimbia Mbau, Eringeti, Mayi-Moya, Kamango na vijiji vingine vingi. Zimekimbilia Oicha, Beni mjini, Butembo na mbali zaidi. Waliokimbia walikuwa wakulima wa mchele, muhogo, ndizi, kakao na michikichi. Shamba limebaki kule. Anayejaribu kurudi kuvuna anajua hatari inayomngoja, na wengi waliorudi kuvuna hawakuonekana tena.

Mama aliyefika mjini bila shamba amebaki na nini? Amebaki na mikono inayojua kupika. Anaanza na babula moja, sufuria mbili, sahani kumi na mbili za kuazima, na kopo la maharagi alilopewa na jamaa waliompokea. Akifaulu, baada ya miezi kadhaa anakuwa na benchi, bati na jina. Wateja wanasema: “Tukutane kwa Mama Fulani.” Hapo amekuwa mtu tena. Analipa nyumba, watoto wanaingia shule, na hangoji orodha ya msaada ambayo jina lake linaweza kukosekana.

Na kwenye benchi lake anakaa mkimbizi mwingine, kijana anayebeba matofali ao dada anayefua nguo za watu kwa siku. Huyo hana jiko. Amelala katika chumba kimoja na watu tisa na hana pa kuweka babula. Sahani anayoinunua saa sita ndiyo chakula chake cha siku nzima. Kwake yeye restora ni jiko la nyumbani ambalo vita vimemnyang'anya.

Kuna jambo jingine sisi wa redio tunalijua vizuri. Mtu aliyepotezana na ndugu zake njiani anauliza wapi? Anauliza kanisani, anauliza kwa chifu wa mtaa, na anauliza kwa mama restora. “Mama, hujaona watu wa Eringeti wamepita hapa?” Mama anajua, kwa sababu kila anayefika ana njaa kabla hajawa na jambo jingine.

Basi ukivunja kibanda cha mama huyo, jua umevunja nini.

“LAKINI NI UCHAFU”

Hiyo ndiyo sababu inayotajwa kila mara wamama wanapofukuzwa, sahani zinapotupwa na sufuria zinapochukuliwa. Sitaikwepa, maana usafi si mchezo hapa kwetu.

Beni inajua ugonjwa. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaanzia upande wa Mangina, ikaingia Beni, ikaenda Butembo na kwingine, na ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3470 waliugua na 2287 walikufa. Mwaka 2021 ilirudi tena, safari hii Butsili, ndani ya mji wetu. Na kipindupindu hakihitaji kutangazwa. Kinaingia kwa maji machafu na kwa mkono mchafu, kinaweza kumaliza mtu katika muda wa saa chache asipotibiwa.

Nakubali kabisa kwamba kuna wamama wanaouza chakula kibaya. Kuna anayechanganya maharagi ya jana na ya leo. Kuna anayeosha sahani arobaini katika maji ya beseni moja mpaka maji yanakuwa mazito. Kuna anayepika hatua mbili kutoka kwenye choo. Wamama hao nawaambia wazi: mnawaua wenzenu wakimbizi, na mnawapa wanaotaka kuwafukuza ninyi wote sababu ya kufanya hivyo.

Lakini turudi nyuma tukumbuke wakati wa Ebola. Kwenye mlango wa kila restora, kubwa na ndogo, kulikuwa na nini? Ndoo yenye robine, maji ya klori, sabuni. Mtu hakuingia bila kunawa. Wamama wale wale wa Boikene na Paida, wanaosemwa leo kwamba hawawezi usafi, waliweza. Waliweza kwa sababu ndoo zilikuja, klori ilikuja, na kulikuwa na mtu wa kupita kuangalia na kufundisha. Ugonjwa ulipokwisha, klori ilikwisha, ndoo zilipasuka, na aliyekuwa akipita kufundisha hakurudi. Aliyerudi ni mwenye kudai kodi.

Swali langu kwa viongozi ni hili: mama atoe maji wapi? Katika mitaa ya pembeni wakaaji wengi wanateka kwenye chemchemi, wanakinga mvua, ao wananunua bidoni. Mama restora anahitaji maji ya kupikia, ya kunywesha wateja, ya kuosha sahani mara mbili, na ya kunawa mikono. Kila bidoni la litri 20 linabebwa kichwani kutoka bondeni ao linalipiwa. Maji yakiwa shida, kitu cha kwanza kupunguzwa ni maji ya kuosha sahani. Hiyo si tabia ya wamama peke yao. Nyumbani kwako pia, siku bidoni linabaki moja, unapika kwanza, kuosha kunangoja.

Kumfukuza mama huyo hakuondoi uchafu, kunauhamisha. Mteja wake bado ana njaa. Atamfuata nyuma ya nyumba ambako hakuna anayemwona, ao atanunua chakula kwa mtu anayetembeza beseni kichwani, bila moto na bila maji kabisa. Mwenye kutaka afya ya wakaaji angeanza na robine moja ya watu wote karibu na kila kundi la restora, na mafundisho ya siku mbili, ndipo baadaye aadhibu anayekataa kufuata.

“LAKINI WANAFUNGA NJIA”

Hapa pia kuna ukweli. Mama aliyeweka babula ukingoni kabisa mwa njia kubwa ya kwenda Oicha ao ile ya Kasindi anahatarisha maisha ya wateja wake. Magari makubwa yanapita na breki si za kuaminika. Vumbi la njia linaingia ndani ya sombe. Wamama hao warudi nyuma ya mtaro. Sitawatetea wabaki pale.

Lakini warudi wakienda wapi? Kusema “tokeni hapa” bila kuonyesha “nendeni pale” si kupanga mji. Katika kila mtaa kuna kiwanja kidogo kisichotumiwa, kuna pembe ya soko lisilojaa. Chifu wa mtaa anakijua, na chifu wa avenyu anakijua. Wakae na wamama, wapime, waandike majina. Kazi hiyo inamalizika kwa juma moja, na haihitaji mfadhili.

“LAKINI KUNA HATARI YA MABOMU”

Hili nalitaja kwa heshima. Tarehe 25 Desemba 2021, siku ya Noeli, mtu alijilipua kwenye restora ya In Box hapa mjini, watu wakiwa wanakula sikukuu na watoto wao. Walinzi walimzuia asiingie ndani, naye akalipuka mlangoni. Watu walikufa, wengine wakajeruhiwa. Hakuna mkaaji wa Beni aliyesahau.

Kwa hiyo anayesema watu wasirundikane bila uangalifu hasemi upuuzi. Lakini funzo la siku ile ni kwamba mlango unataka watu wa kuuangalia. Restora ndogo ya mtaani ina macho hayo kila siku: mama anajua wateja wake, anajua nani ni mgeni, na mfuko ulioachwa chini ya benchi anauona. Akifundishwa nini cha kuangalia na nani wa kumwita, anakuwa msaada mkubwa kwa mtaa. Akifukuzwa huku na huku kila juma, hatamjua mtu yeyote na hatamwamini askari yeyote.

KODI BILA KARATASI

Sasa niongee na wanaopita asubuhi. Mama restora anapaswa kulipa kodi kama mfanyabiashara mwingine. Sipingi. Mji hauwezi kusimama bila kodi.

Lakini kodi ina sura. Katika inchi yetu kuna sheria ya tarehe 13 Machi 2018 inayoorodhesha kodi ambazo jimbo, mji na komini zina haki ya kukusanya. Anayedai pesa anapaswa kueleza ni kodi gani, ya idara gani, na atoe karatasi yenye muhuri. Anayechukua franka mkononi na kuziingiza mfukoni bila kuandika kitu, huyo hakusanyi kodi. Na anayekaa, anakula sahani ya samaki, anapangusa mdomo na kusema “tutaonana kesho, mama”, huyo anaiba, hata akivaa nguo gani.

Wamama, nawaomba: kila anayedai, mwombeni karatasi, na muitunze ndani ya kopo moja. Mkiwa kumi mkaomba karatasi pamoja, ni vigumu kuwavunja wote kumi. Mama mmoja peke yake ni rahisi kumtisha.

DENI LAKO, PAPA

Nimewasema viongozi. Sasa zamu yetu sisi wateja, na hapa wengi hawatapenda.

Kinachofunga restora nyingi za pembeni si polisi wala ugonjwa. Ni daftari lile dogo lenye majina yetu. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mama ametumia franka 100 000 kwa unga, maharagi, mchele, sombe, mafuta, makala na maji. Amepata sahani 50, anauza kila moja franka 2500. Zote zikilipwa anaingiza 125 000. Faida yake ni 25 000, na humo atoe chakula cha watoto wake, nyumba, shule na dawa.

Sasa watu 10 kati ya 50 wanasema: “Mama, andika, nitalipa mwisho wa mwezi.” Mara 10 kwa 2500 ni 25 000. Faida yote imekwisha. Amefanya kazi tangu saa kumi ya usiku mpaka jioni bila kupata hata franka moja. Wakiwa watu 12, amepoteza 5000 kutoka kwenye pesa ya kununulia, na kesho sufuria itakuwa ndogo. Ukiongeza watu watatu waliopita asubuhi kila mmoja akachukua 1000 bila karatasi, hata madeni 9 yanatosha kumtia hasara.

Papa, wewe unayekula kwa deni unaona ni sahani moja tu. Yeye anaona sahani yako pamoja na za wenzako. Na wengi wenu mna mishahara. Mkimbizi anayebeba matofali analipa kila siku, kwa sababu anajua hakuna atakayemkopesha. Anayekopa ni mwenye viatu vizuri, mwenye simu kubwa, ambaye mama anaogopa kumkatalia. Kisha mwisho wa mwezi ukifika, mtu huyo anapita njia nyingine. Na siku anapokea pesa, anachukua marafiki anakwenda kula nyama na kunywa katikati ya mji, analipa pale pale bila kuombwa mara mbili. Halafu anasema pembeni hakuna restora nzuri. Itakuwepo namna gani, wakati wewe umeila?

Najua mishahara ya walimu na ya askari inachelewa, na kuna miezi haiji kabisa. Mwenye shida ya kweli aseme shida yake na mama ataamua mwenyewe. Lakini deni lisiwe haki ya mkubwa.

KWA MASHIRIKA

Neno fupi kwa ninyi mnaokuja kutusaidia. Mnafanya semina juu ya “kuwaimarisha wamama waliohama kwa sababu ya vita”. Chakula cha semina kinanunuliwa wapi? Kwenye hoteli katikati ya mji. Mama aliyealikwa kufundishwa biashara anakula kuku wa hoteli, na sufuria yake siku hiyo haikuwaka kwa sababu alikuwa semina.

Agizeni kwake. Mwambieni: tunataka sahani arobaini, kwa usafi huu, kwa saa hii, tutalipa nusu mbele. Akishindwa, mwambieni alipokosea. Akifaulu, mmemfundisha kuliko karatasi zote za ukutani. Na kama kanuni zenu zinadai karatasi ya malipo yenye muhuri, basi msaidieni wamama watano waungane watafute patenti na muhuri mmoja. Hilo nalo ni msaada.

TUNACHODAI

Nafunga kwa maombi yanayoeleweka, ili mtu asiseme hakusikia.

Kwa mkuu wa mji na wakuu wa komini: simamisheni kuvunja vibanda na kuchukua sufuria mpaka kila mtaa uonyeshe mahali pa kuwapeleka wamama. Wekeni robine ao tanki la maji karibu na kila kundi la restora. Tumeni watu wa afya wapite mara kwa mara, wafundishe kwanza, waadhibu baadaye. Na mtangaze kwenye redio zetu, kwa Kiswahili, orodha ya kodi ambazo mama restora anapaswa kulipa na kiasi chake, ili kila mama ajue.

Kwa wamama: moto usizimike wakati chakula kiko sahanini kwa watu, sabuni isikosekane, chakula cha jana kisirudi kwenye sufuria ya leo, na bei isemwe mapema. Undeni vikundi vya kutunza pesa na karatasi.

Kwa sisi wateja: tutafute restora nzuri karibu na tunapoishi, tutumie kipimo cha moto, maji na sabuni, na tulipe kabla ya kusimama. Ukikuta chakula kizuri, mwambie jirani. Ukikuta kibaya, mwambie mama mwenyewe, kwa adabu, kabla hujamtangaza.

Na daftari la madeni, wiki hii kila mmoja arudi akalisome. Jina lako likiwamo, kalifute kwa franka. Mama yule kesho saa kumi ya usiku ataamka kuwasha makala, na maharagi hayanunuliwi kwa ahadi.